Aliyelalia Mboji Yangu

Troyeville,
Johannesburg,
Afrika Kusini.

29 Septemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Masika,

Shikamoo, na assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai Shufaa atakapokukabidhi barua hii atakukuta umekaa kwenye mkeka wako nyuma ya nyumba, mguu umeunyoosha, na lile goti limeacha kukusumbua. Na Baba Mdogo Bakiri, je, macho yamekubali dawa? Sumaiya aliniambia kwamba siku hizi anasoma gazeti akiwa amelishika mbali kama anayelifukuza. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ya mwaka huu ilinipasua midomo na visigino, lakini sasa miti imeanza kuchipua na nimevua soksi za pili.

Najua ungependa tuongee kwa simu. Nimejaribu mara nyingi. Kila nikifika penyewe sauti inanikatika, na wewe unadhani ni mtandao, unapiga kelele, "Halo! Halo!" Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ukimaliza kusoma, msomee Baba Mdogo, lakini usimsomee Bibi. Moyo wake hauwezi.

Kwanza hilo la bangi. Nimesikia kwamba Luqman alipokuja nyumbani kwa Idi kubwa alisema mbele za watu kuwa mtoto wa dada yako analima bangi Johannesburg. Usimkasirikie, hakuwa mbali sana na ukweli. Silimi bangi, Mama Mdogo. Ninachofanya ni kupika udongo wa kuioteshea.

Huku mmea huo wanauita dagga, na sheria inamruhusu mtu mzima kuotesha michache nyumbani kwake kwa matumizi yake. Wanaochukua udongo wangu wengi si vijana wa vijiweni. Wa kwanza alikuwa Mzee Firmin, Mkongo mmoja anayekaa Turffontein, ambaye mke wake ana maradhi ya mifupa na alikuwa hapati usingizi kwa maumivu. Miche yake ilikuwa ikinyauka ndani ya ndoo. Wakati ule nilikuwa nauza mchicha sokoni Yeoville, akaja kuniuliza mimi kwa sababu mchicha wangu ulikuwa umenawiri. Nikatia mkono ndani ya ndoo yake. Udongo ulikuwa umeshikana kama tofali, na chini maji yametuama. Mmea ule hautaki mizizi iloane muda wote. Unataka pa kupumulia.

Basi nikaanza kupika. Neno hilo litakuchekesha, lakini ni kupika kweli. Nazoa majani makavu ya miti ya barabarani kule Bezuidenhout Valley yanapoanguka. Mzee Firmin ananiletea samadi ya farasi kwa pikapu yake, maana kwao Turffontein kuna uwanja wa mbio na mazizi. Naongeza maganda ya mboga kutoka sokoni, maganda ya mayai yaliyotwangwa, majivu kidogo, na unga wa mifupa ninayoichoma na kuisaga mwenyewe. Unapanga tabaka juu ya tabaka, unanyunyizia maji, unafunika kwa magunia, halafu unaliacha lundo lijipikie. Linapata joto bila moto. Ukichomeka nondo katikati na kuichomoa, huwezi kuishika. Likishapoa unatia nyungunyungu wamalize kazi yao, na mwisho unachanganya vile vijiwe vyeupe vyepesi vinavyofanana na bisi, ili udongo uwe na nafasi za hewa. Mbolea ya dukani haiingii hata punje. Ukiuinua kiganjani unanukia kama kule Amani milimani mvua ikishakatika.

Nimekueleza yote hayo ili ujue kwamba lundo langu nalijua. Najua linavyonuka, linavyozama, na sauti linazotoa likiwa linatulia. Ningekuwa silijui, nisingeogopa.

Nyumba tunayokaa ni ya zamani, ya bati, ina uwanja nyuma wenye ukuta mrefu na waya wa wembe juu yake. Mimi nina chumba cha uani. Vyumba vya mbele anakaa Dada Célestine, Mkongo wa Lubumbashi, msusi. Baraza ndiyo saluni yake. Ni mtu mwema. Nilipougua homa ya mapafu mwaka juzi ni yeye aliyenilisha uji kwa kijiko.

Mume wake aliitwa Ezéchiel. Alikuwa mlinzi, kazi ikaisha, na kama wanaume wengi huku akaingia chini kwenye migodi iliyoachwa kutafuta mabaki ya dhahabu. Chini ya jiji hili kumetobolewa kila upande, Mama Mdogo, tunatembea juu ya mashimo. Siku moja mwamba uliporomoka. Waliotoka walisema Ezéchiel amebaki nyuma yake. Mwili haukuletwa. Kanisa lake lilimwombea, watu wakalia, lakini Célestine hakuvaa nguo nyeusi. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amelala.

Hayo yalikuwa kabla ya baridi ya mwaka jana. Sasa nikueleze ya mwaka huu.

Asubuhi moja mwezi wa sita nilimaliza kuswali, nikasubiri kupambazuke, nikatoka kuangalia lundo. Sakitu ilikuwa imeanguka, yaani ule umande unaoganda, uwanja wote mweupe kama umemwagiwa chumvi. Lundo lilikuwa likifuka mvuke. Magunia yalikuwa yamesogezwa pembeni, vizuri, kama mtu anavyofunua shuka. Na juu ya mboji palikuwa na bonde.

Bonde lile lilikuwa na bega. Lilikuwa na nyonga, na magoti yaliyokunjwa. Mtu alikuwa amelala hapo kwa ubavu.

Nikatia mkono. Palikuwa pa moto kuliko pembeni. Nikatazama chini, na katika sakitu yote ile hapakuwa na unyayo hata mmoja isipokuwa wa ndara zangu. Geti lilikuwa na mnyororo wake, na waya wa ukutani haukuguswa.

Nilijiambia ni mbwa. Nikalisawazisha kwa reki, nikafunika. Baada ya siku kadhaa, baridi ilipokaza tena, bonde likarudi. Likawa linarudi kila baridi inapokaza, na hewa ikipata joto kidogo halionekani. Kwenye magunia nilikuta vumbi la rangi ya manjano iliyopauka, vumbi la vile vilima vya mabaki ya migodi. Uwanjani kwetu hatuna vumbi la namna ile.

Siku moja mchana, wateja wakisukwa barazani, niliinama kupima joto nikasikia pumzi ndani ya lundo. Ilivutwa, ikakaa, ikashushwa. Nimekwambia sauti za mboji nazijua. Hii haikuwa mojawapo. Nikarudi chumbani nikasoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka, na toka siku hiyo nikawa nasukumia kabati mlangoni.

Ikabidi nimwambie Célestine. Nilidhani ataogopa au atanicheka. Alikuja, akapiga magoti, akapitisha kiganja ndani ya bonde taratibu, kuanzia begani mpaka kwenye magoti. Halafu akaingia ndani, akarudi na jaketi la ulinzi la Ezéchiel, lenye jina lake lililoshonwa kifuani.

"Dada Célestine," nikamwambia, "huyu ni mwizi, au ni mgonjwa. Tuite watu."

"Mwizi gani anaiba joto?" akasema. "Nasra, uniachie. Ezé anasikiaka sana baridi. Mi njo najua." "Njo" kwao ni "ndiye" au "ndiyo" yetu.

Akalitandaza jaketi juu ya mboji. Kesho yake halikuwepo.

Baada ya hapo akaanza kuweka chakula. Bukari, ndiyo ugali wao, na mboga, kwenye sahani ya bati iliyofunikwa. Asubuhi tunaikuta sahani tupu, imefutwa, imelazwa kifudifudi. Célestine akaanza kuimba akisuka. Wateja wakamwambia amenenepa, amependeza. Mimi nikazidi kukonda. Nilikuwa nikimtazama akicheka, nikajiuliza ni nani tunayemlisha.

Mwezi wa saba ikaja ile baridi yenye upepo, mabomba yakaganda, maji yasitoke. Asubuhi ya pili yake nilifungua mlango nikamwona. Alikuwa amelala kwa ubavu, mboji imemfika kwapani kama mtu aliyejivutia blanketi, mgongo umenielekea. Amevaa lile jaketi. Mvuke ulikuwa ukipanda pande zote za mwili wake.

Sikuweza kupiga kelele. Célestine ndiye aliyetoka, sijui nani alimwambia. Alikuja mbio juu ya sakitu bila viatu, akajitupa nyuma yake, akamkumbatia.

"Iko na moto!" akaniambia. "Nasra, iko na moto! Iko hai! Ezé, amuka. Amuka, papa, njo mimi."

Nikamshika mkono yule mtu. Mama Mdogo, ulikuwa wa moto kama mkate unaotoka tanurini. Nikafurahi, wallahi nikafurahi. Nikauvuta ili nimsaidie kukaa, na mkono haukukunjika. Ulikuja mzima mzima na bega lake, mgumu kama ukuni.

Alikuwa amekufa zamani. Udongo wangu ndio uliokuwa ukimpa joto.

Nilimwambia Célestine polepole. Hakunisikia mara ya kwanza. Aliposikia akamgeuza uso. Picha ya Ezéchiel iko ukutani kwake, nimeiona kila siku: uso mpana, kovu juu ya nyusi. Huyu alikuwa kijana zaidi, mwembamba, mashavu yameingia ndani, vumbi la manjano limejaa kwenye kope. Hatukuwahi kumwona.

Célestine alimtazama kwa muda mrefu sana. Halafu akamfunga zipu ya jaketi mpaka shingoni, kama unavyomfunga mtoto anayekwenda shule.

Askari walikuja. Walipochakura kando ya lundo, chini ya majani niliyoyarundika mwenyewe, wakakuta kifuniko cha chuma cha mfereji wa zamani wa maji ya mvua, mtu anaweza kupita kwa kutambaa. Kumbe alikuwa akitokea hapo, ndiyo maana hapakuwa na nyayo. Nilishusha pumzi. Nikajiambia, basi, ni binadamu, maskini wa Mungu aliyetafuta pa kuotea moto.

Askari mmoja akauliza kama tunamfahamu.

"Ni bwana yangu," Célestine akajibu. "Jina yake Ezéchiel." Akawaonyesha jina kwenye jaketi, akaenda ndani akaleta vitambulisho. Askari akatazama picha, akatazama uso ule uliochakaa, akanigeukia mimi.

Niliinamisha kichwa. Nilifikiri, maiti huyu hana mwenyewe, na Ezéchiel hana kaburi. Nani ataumia? Nikanyamaza.

Kanisa lao lilimzika kwenye makaburi ya upande wa kusini, kwa jina la Ezéchiel. Célestine akavaa nyeusi, akalia kilio alichokuwa hajalia, na baadaye akalala usingizi ambao sijamwona akilala tangu nimjue. Mzee Firmin alipokuja kuchukua udongo aliuinua mkononi, akasema hajawahi kuuona mzuri kama ule. Nikamwambia huu hautoki. Akaniona nimerukwa na akili, akaondoka na magunia yake matupu. Nikamtengenezea mwingine baadaye.

Ingekuwa imeishia hapo, nisingekuandikia.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwezi wa upepo, vumbi likiruka mpaka huoni mwisho wa mtaa, alikuja mwanamke getini. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, amejitanda blanketi la Kisotho, viatu vimechakaa kwa kutembea. Jina lake Lineo. Alitoa simu akamwonyesha Célestine picha, akauliza kama tumemwona kaka yake, Motlatsi. Niliiona picha kwa nyuma ya bega la Célestine. Kwenye picha alikuwa amenona, anacheka. Lakini alikuwa ni yeye.

"Hatumujui," Célestine akasema, akafunga geti.

Nilisimama pale nikasikia hatua za yule mwanamke zikienda. Nikamfikiria mama yetu, Mungu amrehemu, na ile miezi aliyomtafuta Mjomba Karimu alipopotea, hospitali kwa hospitali. Nikafungua geti, nikamkimbilia. Nilimkuta chini kwenye robot, ndivyo tunavyoziita huku taa za barabarani, amesimama tu, taa zinabadilika na yeye havuki. Nikamwambia yote, kwa Kiingereza changu na Kizulu cha sokoni.

Hakulia. Alisema, "Ausi, nipeleke nikaone alipolala." Ausi ni dada kwa Kisotho.

Célestine alituona tukiingia. Alikuwa na kitana mkononi, mteja amekaa kitini na nywele nusu. Alitufuata mpaka uani akasimama mlangoni.

Lineo alipiga magoti penye lundo, akaweka kiganja juu yake.

"Ni kweli," akasema. "Aliniambia ni udongo unaopumua. Nilidhani ni homa inayomsemesha."

Nikamuuliza alimwambia lini. Akasema kaka yake alikuwa akimpigia simu kila akipanda juu. Alikuwa anakohoa damu, wenzake walimkataa, hakuwa na pa kwenda, akawa anatambaa kwenye mifereji akifuata penye joto. Ndivyo alivyofika kwetu.

"Lakini alisema hakuwa wa kwanza," Lineo akaendelea. "Alisema siku ya kwanza alimkuta mwanaume amelala hapa tayari, ameupa ukuta uso. Yule akasogea, akamwachia nafasi. Ikawa hivyo kila akija. Motlatsi alidhani ni mchimbaji mwenzake. Akiamka hamkuti, na kifuniko kiko vilevile alivyokifunga yeye."

Niliuangalia ule ukuta. Kati ya lundo na ukuta hapapiti hata paka.

"Na jaketi," Lineo akasema. "Siku aliyolikuta aliogopa kulivaa, alijua si lake, akamwambia mwenzake alichukue. Yule akamjibu kwa Kizulu cha mgeni, kibovu: 'Vaa wewe. Mimi sisikii baridi tena.'"

Célestine aliangusha kitana. Akaja, akakaa chini kwenye vumbi lililoletwa na upepo, mbele ya Lineo, nguo zake nyeusi zote zikawa za manjano. Nilidhani atapiga yowe, au atamfukuza.

"Kaka yako alisema ile mutu analalaka namna gani?" akauliza.

Nikamfasiria. Lineo akafikiri.

"Alisema anaweka mkono mmoja chini ya shavu, na mwingine kati ya magoti. Alisema analala kama mtoto."

Célestine akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena na tena.

"Njo ye," akasema.

Tulikaa hapo, wanawake watatu, mpaka mteja akaja mwenyewe na nywele zake nusu kuuliza kuna nini. Kisha Célestine akainuka, akajipangusa, akaenda kuchukua vitambulisho vya mumewe. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwa askari, kuwaambia aliwadanganya.

Nikamshika mkono. Unajua hali zetu wageni, Mama Mdogo. Karatasi zake za ukimbizi zinasubiri kuongezwa muda, na kumzika mtu kwa jina la uongo si kosa dogo. Nikamwambia tumpeleke Lineo kaburini amwombee kaka yake, tubadilishe kibao kimyakimya, inatosha.

"Bwana yangu alimupa nafasi," akasema. "Alimupa na jaketi yake. Mi nani nimukatalie jina?"

Tulikwenda wote watatu. Nami niliandikisha kwamba nilijua na nilinyamaza. Walitufokea sana. Célestine alikalishwa kwenye benchi mpaka jioni, wakasema ataitwa. Mpaka leo ninavyoandika hajaitwa, na kila gari likisimama getini tunatazamana. Mwombee.

Watu wa kijijini kwao Lineo walichanga, vibali vikapatikana, na wiki iliyopita Motlatsi amefukuliwa kwenda kuzikwa kwao Lesotho. Célestine alitaka kujua kama jaketi lirudishwe. Lineo akasema, "Alipewa. Aende nalo." Waliagana kwa kukumbatiana muda mrefu, kila mmoja akisema kwa lugha yake, na hakuna aliyeniomba nifasiri.

Likabaki shimo tupu, na kibao chenye jina la Ezéchiel. Wachimba kaburi walikuwa wameshika koleo walifukie. Célestine akawaomba wangoje. Akanitazama mimi, nikajua anataka mboji yangu.

Mzee Firmin alileta pikapu. Tulilipakia lundo lote, mimi nikichota, yeye na Célestine wakipokea. Nilifika mpaka chini, kwenye ardhi yenyewe. Sikukuta kitu. Sikujua nilitarajia nini, lakini kila nilipozamisha koleo nilikuwa nikisema bismillahi kwa sauti ili niisikie. Udongo niliokuwa nimeupika kwa ajili ya miche ya watu wenye maumivu tuliumwaga wote kaburini kwa Ezéchiel, mpaka ukajaa na kufanya tuta. Mchungaji wao akaomba. Mimi nikasimama pembeni nikamwombea kwa namna yetu, naamini hukumu ya hayo iko kwa Mwenyezi Mungu.

Asubuhi iliyofuata Célestine aliniomba nimsindikize tena. Ile baridi ya ghafla ya mwezi huu ilikuwa imerudi, sakitu imelala juu ya makaburi yote, safu kwa safu, meupe mpaka mwisho wa macho. Kaburi moja tu halikuwa na sakitu. Lilikuwa jeusi, limelowa, na mvuke ukipanda juu yake taratibu, unakatika, unapanda.

Najua sababu. Mboji ikigeuzwa hupata joto upya, hata mtoto anayefanya kazi hii anajua. Nilitaka kumweleza Célestine. Lakini alikuwa amekwisha kulala kwa ubavu kando ya tuta, ameweka kiganja juu ya udongo, amefumba macho. Nikamwacha.

Basi, Mama Mdogo, hiyo ndiyo bangi ninayolima. Wakikuuliza, waambie unavyoona inafaa.

Nisalimie Baba Mdogo Bakiri na macho yake. Msalimie Sumaiya, mwambie kitambaa alichoniomba nimempa Shufaa pamoja na barua hii. Bibi umbusu mikono kwa niaba yangu, umwambie tu kwamba Nasra hajambo na anakula. Na Luqman akipita hapo, mpe salamu, mwambie simdai neno.

Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, awape usingizi wa salama, na siku akitukutanisha atukutanishe tukiwa hai na tukitambuana nyuso.

Mimi mwanao nikupendaye siku zote,

Nasra